Kupatana bei ya gari linalohitaji matengenezo, kabla hujatuma hata shilingi

Umeona Probox mtandaoni. Picha ni safi, bei iko chini kidogo ya zile zingine, na mwisho wa tangazo kuna maneno yale tunayoyajua sote: "Gari iko sawa, inahitaji kazi ndogo tu." Unapiga simu. Muuzaji ni mtu wa heshima, anaongea polepole, hana haraka. Halafu anakwambia kuna wengine wawili wanakuja kuiona kesho asubuhi, lakini ukimtumia elfu ishirini tu ya kushikilia, atawaambia wasijisumbue.

Maswali mengi tunayopata kuhusu magari huanzia hapo. Mteja ametuma ile pesa ya kushikilia, amefika, amekuta gari linavuja maji na muuzaji hataki kupunguza bei. Sasa anatuuliza kama tunaweza kumrudishia pesa yake. Jibu letu halimfurahishi. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Haikuwekwa kuamua nani ana haki kwenye mapatano yaliyoharibika, na kama aliyepokea ameshatoa pesa au anasema alilipwa kihalali, inabaki kuwa shauri la polisi au korti. Elfu ishirini si pesa ya kumpeleka mtu kortini, na muuzaji anajua hivyo.

Kwa hivyo leo hatutaanza na simu yako. Tutaanza na bei, kwa sababu mtu anayetuma pesa mapema mara nyingi ni mtu ambaye hana hesabu yoyote ya kuzungumza nayo. Anachojua ni kusema "punguza kidogo". Muuzaji anapunguza kidogo kweli, mnapeana mikono, na kidogo hicho kinaisha kwenye rejeta peke yake.

Kazi ndogo ni pesa ngapi?

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza mboga, anazitoa Karatina na kuzipeleka Thika. Kwa sasa anakodi pikapu. Ameona Probox Ruiru, muuzaji anataka 680,000. Akiba yake yote, pamoja na zamu yake ya chama, ni 740,000. Takwimu zote hapa ni za mfano. Bei za spea hupanda na kushuka, kwa hivyo uliza zako mwenyewe wiki hiyo unayonunua.

Kitu cha kwanza anachofanya hakihusu gari hilo hata kidogo. Anatafuta Probox zingine za mwaka huo huo, zenye injini ile ile, zisizo na shida yoyote. Anapiga simu kwa wauzaji wanne au watano na kuuliza bei ya mwisho, maana bei ya tangazo na bei ya kuuzia si ndugu. Anakuta gari zima la aina hiyo linatoka kwa 700,000 hivi. Namba hii 700,000 ndiyo msingi wa mazungumzo yote, na utaona kwa nini tukifika mezani.

Kisha anaenda Ruiru na makanika wake. Tunasema wake, si yule aliyeletwa na muuzaji, wala si yule anayekaa kwenye geti la yadi akisubiri wateja. Mlipe ada yake mapema, ununue usinunue, ili asiwe na sababu ya kutaka ununue. Kuna mafundi wanaopewa kitu na muuzaji gari likitoka. Ukiona fundi wako anamtetea muuzaji kuliko muuzaji mwenyewe, shukuru na uondoke. Kama huna fundi unayemwamini, AA Kenya hukagua magari na kukupa ripoti iliyoandikwa.

Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa moto, huenda kuna kitu kilichofichwa kwa kupasha injini kwanza. Injini baridi haijui kudanganya: sikiliza inavyowaka, angalia moshi kwenye eksozi, fungua kifuniko cha oili uone kama kuna utelezi mweupe kama maziwa, kwa maana hiyo ni dalili ya maji kuingia kwenye oili, na hapo matengenezo si madogo tena. Fundi aunganishe mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari. Halafu mliendeshe, si kuzunguka yadi tu, bali barabarani, kwenye mlima, hadi lipate joto kabisa. Kilomita kwenye dashibodi usizitegemee sana, zinaweza kurudishwa nyuma. Pedali ya breki iliyolika na usukani uliong'aa vinasema ukweli zaidi.

Fundi wa mama yetu anatoka na orodha hii: rejeta inavuja, shokabzoba za mbele na bushi zimekwisha, matairi mawili yamelika, betri imechoka, mlango wa nyuma umebonyea haufungi vizuri, na gari linahitaji huduma ya kawaida ya oili, filta na plagi. Kisha anaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba giaboksi inachelewa kuingia gia gari likiwa na joto. Inaweza kuwa oili tu. Inaweza kuwa giaboksi yenyewe.

Hapo mama hafungui mdomo kuhusu bei. Anashukuru, anasema atarudi, anaenda zake. Kesho yake anapiga simu kwa wauza spea Kirinyaga Road, kwa kila kitu anauliza bei mbili, ya spea mpya na ya ile iliyotumika kutoka Japani, na anamuuliza fundi malipo ya kazi yake. Anaandika:

Rejeta na mipira yake, 14,000. Shokabzoba na bushi, 24,000. Matairi mawili, 15,000. Betri, 9,000. Mlango, 10,000. Huduma ya kawaida, 9,000. Jumla 81,000. Giaboksi iliyotumika pamoja na kazi, ikihitajika, 60,000.

Tazama sasa. Akilichukua gari kwa 680,000 kama lilivyo, litamfikia 761,000 kabla ya giaboksi. Hana pesa hiyo. Na gari zima kabisa linapatikana kwa 700,000. "Kazi ndogo" ilikuwa inamgharimu elfu sitini na moja zaidi ya kununua gari lisilo na shida.

Orodha ya mfukoni na orodha ya mezani

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata wale waliojiandaa. Wanachukua orodha nzima ya fundi na kuitoa kwenye bei ya muuzaji: 680,000 toa 81,000. Muuzaji anakasirika, na kwa kiasi fulani ana haki. Kwanza, huenda ameshapunguza kitu kwa sababu ya ubovu huo. Pili, si kila kitu kwenye orodha ni ubovu. Huduma ya oili utaifanya hata ukinunua gari zima. Matairi nayo, hakuna anayeuza Probox ya 700,000 ikiwa na matairi mapya yote.

Kwa hivyo mama ana orodha mbili. Ya mfukoni ni ile ya 81,000, kwa maana hizo ndizo pesa zitakazotoka kwake kweli. Ya mezani ameichuja: huduma ameitoa yote, matairi amehesabu nusu. Inabaki 64,500. Kila kitu kilichobaki kinaonekana kwa macho, na muuzaji mwenyewe hawezi kukikana. Orodha fupi isiyo na mchezo hubishiwa kidogo. Ukianza kuingiza mkwaruzo wa rangi na redio isiyoshika stesheni, muuzaji atashika hiyo redio na mtazungumza juu yake nusu saa, na rejeta itasahaulika.

Kuna gharama nyingine isiyo ya spea. Gari litakaa gereji siku nne, na siku hizo mama ataendelea kukodi pikapu, 3,000 kwa siku. Hiyo ni 12,000. Haiweki mezani, si shida ya muuzaji, lakini anaiweka kwenye hesabu yake.

Na giaboksi? Huwezi kutoa 60,000 yote kwa kitu ambacho labda ni oili tu. Huwezi pia kujifanya hukusikia. Njia ya haki ni kugawana hatari: nusu kwako, nusu kwa muuzaji, yaani 30,000.

Basi bei ya juu kabisa anayoweza kulipa ni 700,000 toa 64,500, toa 12,000, toa 30,000. Ni 593,500. Anaandika 595,000 kwenye karatasi na kuikunja ndani ya kibeti. Bei ya kuanzia ni ile inayoweka hatari yote ya giaboksi na siku za gereji kwa muuzaji, 560,000 hivi. Kati ya hizo mbili ndipo mazungumzo yatakapofanyika. Juu ya ile ya kwenye kibeti ni kwenda nyumbani.

Mezani

Anarudi Ruiru siku ya kazi, mchana, na fundi wake. Muuzaji ni mzee mstaafu, gari ni lake mwenyewe. Mazungumzo yanaenda hivi, kwa kifupi:

"Mzee, gari nimeipenda. Kama ningekuwa siitaki singerudi."

"Basi mama, lipa uende nayo. Bei unaijua."

"Naijua. Ebu nikuonyeshe kitu kwanza. Hizi ni spea zinazotakikana, na hizi ni bei za Kirinyaga Road za jana. Huduma sijaweka, hiyo ni yangu. Matairi nimeweka nusu."

Mzee anasoma. "Lakini mama, hiyo ubovu ndiyo sababu nimeweka 680. Nimeshaihesabu."

Jibu hili utalipata karibu kila mahali, na ndiyo maana tulisema ile 700,000 ndiyo msingi.

"Ni kweli mzee, umepunguza. Gari nzima kama hii inaenda 700, wewe umesema 680. Umetoa elfu ishirini. Lakini kazi iliyoko ni elfu sitini na nne, na giaboksi hatujaigusa."

"Giaboksi iko sawa. Na fundi wangu anaweza kumaliza hiyo yote kwa elfu thelathini."

"Basi mzee, mpe afanye. Akimaliza nitakuja na huyu wangu akague, tuongee bei ya gari nzima."

Mzee ananyamaza. Kunyamaza huku ni kwake, mwachie. Watu wengi huogopa kimya na wanakijaza kwa kuongeza pesa: "Haya basi, nitaongeza kumi." Hakuna aliyekuomba.

Tuseme jambo kuhusu ile njia ya muuzaji kutengeneza mwenyewe. Kwenye mazungumzo ni jibu zuri, kwa sababu linampa nafasi ya kuthibitisha maneno yake. Lakini akikubali kweli, kuwa mwangalifu. Mtu anayetengeneza gari la kuuza atanunua spea ya bei ya chini kabisa inayoweza kufika siku ya malipo. Sisi tungependelea upunguziwe bei na utengeneze mwenyewe, kwa fundi wako na spea unayoichagua.

Mama anasema 560. Mzee anasema 650. Anaeleza habari za giaboksi na kumwomba wagawane hatari. Mzee anashuka hadi 620, anasema ni ya mwisho, watoto wake watamcheka. Mama haseme gari ni bovu, haseme mzee ni mwongo. Anasema tu pesa aliyonayo inafika 580 kwa gari hii, ile nyingine ni ya gereji, na anasimama kuaga. Aliposimama hakuwa anaigiza; kuna Probox nyingine ameiona Juja. Wanamalizia 590,000.

Je, ameokoa sana? Tuwe wakweli. 590,000 na 81,000 ni 671,000, ongeza zile siku nne za kukodi, inafika 683,000. Amepata gari lenye shokabzoba mpya, betri mpya na matairi mawili mapya kwa 17,000 chini ya bei ya lile zima. Giaboksi ikikataa, imefika 743,000, yaani inapita akiba yake kwa elfu tatu na gari limezidi bei ya lile zima. Kwa mtu mwenye haraka au asiye na fundi wa kuaminika, faida hiyo haitoshi, na tungemshauri atafute lile zima. Gari la kutengeneza linafaa pale tofauti ya bei ni kubwa kuliko uwezekano wa kukosea.

Sasa tufike kwa simu yako

Nguvu yako ya kupatana bei inakaa kwenye pesa ambayo bado haijatoka. Ikishatoka elfu ishirini, kila unapotaka kusimama na kuaga unakumbuka ile elfu ishirini. Kwa hivyo usitume chochote kabla ya mambo matatu: umeliona gari na fundi wako, mmekubaliana bei, na umehakikisha gari ni la huyo anayeliuza.

La tatu ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye akaunti yako ya eCitizen, ndani ya huduma za NTSA, unalipia rekodi ya gari kwa namba yake ya usajili. Ni shilingi 550. Utaona jina la mwenye gari, namba ya chasi na ya injini. Linganisha namba hizo na zilizo kwenye gari lenyewe, si na zile za kwenye logibuku tu. Kama jina la benki au kampuni ya mikopo liko pamoja na la muuzaji, gari lina deni, na halitahamishwa hadi deni lilipwe na kampuni hiyo iridhie. Hapo usilipe muuzaji kwa ahadi kwamba "nitamalizana nao". Mwende pamoja kwa huyo mkopeshaji.

Kama mmekubaliana na unahitaji siku mbili kukusanya pesa, arubuni si vibaya. Iwe ndogo, na kabla ya kuituma mwandikiane: ni ya gari gani, bei gani, inarudishwa lini na kwa sababu gani. Ujumbe mfupi ambao muuzaji amejibu "sawa" ni afadhali kuliko maneno matupu. Tuma kwa namba ya mwenye gari. Jina linalotokea kwenye skrini kabla hujaweka PIN lifanane na lile ulilolipia 550 kuliona. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya kijana wangu, yangu imejaa", usitume. Broka pia atakuomba utume kwake. Mwambie kamisheni yake atalipwa na muuzaji.

Salio kubwa ni habari nyingine. Kwenye M-Pesa, kwa mfano, muamala mmoja hauzidi 250,000 na kwa siku huwezi kupitisha 500,000, kwa hivyo 590,000 haitapita kwa simu siku moja. Usilipe nusu leo na nusu kesho huku gari likibaki kwa muuzaji. Tumia benki kwa benki; PesaLink inapitisha hadi 999,999 kwa mara moja. Mkutane benki au ofisi ya wakili, mchana. Mkataba wa mauzo uwe na namba za vitambulisho, PIN za KRA, namba ya chasi, bei, na tarehe na saa ya kukabidhiana, maana makosa ya barabarani ya jana ni ya mwenyewe wa jana. Muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen akiwa amekaa mbele yako, nawe uukubali kwenye yako. Ada ya uhamisho hulingana na ukubwa wa injini; nani anailipa, mpatane siku ile ile ya kupatana bei, la sivyo mtaanza upya. Sheria inakutaka uhamishe umiliki ndani ya siku 14.

Muuzaji naye ana haki ya kujilinda. Asitoe funguo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu yako. Aangalie salio lake mwenyewe. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika kusubiri dakika tano.

Bima ya mzee haikufuati. Nunua yako kabla ya kuliondoa gari hapo Ruiru, hata kama ni ile ya mhusika wa tatu ya mwezi mmoja.

Na zile 81,000? Zitenge mapema, siku ile ile ulipoandika orodha, kwenye akiba tofauti na pesa ya kununulia, ikiwezekana ile ya kufungwa hadi tarehe fulani. Usiku wa kabla ya kulipa ndipo watu hujiambia wataongeza kumi, kumi na tano kutoka pesa ya gereji, "shokabzoba zitangoja." Halafu Jumatatu gari linapakiwa magunia ya kabeji na rejeta bado inavuja. Mama yetu amemwambia fundi aanze na rejeta, kisha oili ya giaboksi, walijaribu siku mbili bila mzigo. Mlango wa nyuma ameufunga kwa kamba kwanza.